Maswali ya Wasomaji: “Rather” ni Mapema Kuliko Nini?

SWALI

Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Kadutu. Mimi nilisoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi hadi nilipopata diploma ya serikali, na Kiingereza ninajifunza ukubwani, jioni baada ya shughuli za mchana, kwa sababu matangazo mengi ya kazi hapa Bukavu yanaidai lugha hiyo. Miezi michache iliyopita niliomba kazi katika ofisi moja, na siku ya Jumanne nikapokea jibu fupi lenye sentensi hii: “We would rather you came on Friday.” Kwa kuwa nilifundishwa kwamba “came” ni wakati uliopita, nilielewa kuwa wananilaumu, kwamba afadhali ningefika Ijumaa iliyotangulia na kwamba sasa nimechelewa. Nilisononeka, nikabaki nyumbani, wala sikuwajibu. Wiki iliyofuata ndipo nilipoarifiwa kwamba Ijumaa ile walinisubiri tangu asubuhi na sikutokea.

Tangu siku hiyo neno hili limenikaa kooni. Kamusi yangu inasema ni “plutôt”, rafiki yangu anasema ni “afadhali”, na mwalimu wetu wa jioni alituambia kwamba lina “-er” mwishoni kwa sababu ni umbo la kulinganisha, kama “bigger” na “smaller”. Tulipomuuliza neno lenyewe ni lipi kabla ya kuongezewa hiyo “-er”, alicheka, akasema tuendelee na somo. Tena nimelikuta katika “rather cold”, mahali ambapo “afadhali” haiingii hata kwa kusukumwa. Je, hili ni neno moja, au ni maneno manne yenye sura moja?

JIBU

Dada, nitaanza na Ijumaa yako, kwa kuwa ndiyo iliyokuumiza, kisha nitamtafuta mama wa neno hili, ambaye mwalimu wenu hakumtaja, labda kwa sababu saa ilikuwa imekwisha.

Kiswahili kina kiambishi “-nge-”, nacho ni utajiri ambao hatuutambui mpaka tukutane na lugha isiyo nao. Tukisema “ungekuja Ijumaa ingekuwa vema”, msikilizaji anajua papo hapo kwamba tunazungumzia jambo la kuwazika, wala si jambo lililokwisha kutendeka. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, kwa hiyo huazima umbo la wakati uliopita na kulituma kazi ya “-nge-”. Kifaransa ulichosomea hufanya vivyo hivyo, nawe umekitumia hivyo maisha yako yote bila kuhangaika: ukisikia “ce serait mieux si tu venais vendredi”, hudhani hata kidogo kwamba Ijumaa hiyo imepita, ingawa “venais” ni imparfait uliyoikariri shuleni kuwa ni ya mambo ya zamani. Basi “we would rather you came on Friday” maana yake ni “tungependelea uje Ijumaa”, na Ijumaa yenyewe ni ile ijayo. Kama wangekuwa wanakulaumu, wangeandika “we would rather you had come on Friday”, na hiyo “had” ndiyo ingekuwa alama ya majuto. Angalia pia kwamba umbo hilo la wakati uliopita huja pale tu mwenye kupendelea na mwenye kutenda wanapokuwa watu wawili tofauti. Mtu akijisemea mwenyewe, kitenzi hubaki kitupu: “I would rather come on Friday”, yaani mimi ningependelea kuja Ijumaa.

Sehemu ya lawama naiweka kwa aliyekuandikia. Kumpelekea mwombaji kazi wa Bukavu sentensi ya adabu ya kuzungukazunguka namna hiyo, ilhali “please come on Friday” ingetosha, ni kusahau kwamba barua huandikwa kwa ajili ya msomaji wake.

Sasa tuje kwa mama. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, palikuwa na neno ambalo baadaye liliandikwa “rathe”, lenye maana ya upesi, bila kukawia, na hatimaye mapema. Neno hilo lilikuwa na familia kamili: “rathe” ni mapema, “rather” ni mapema zaidi, “rathest” ni mapema kabisa kuliko vyote. Kisha familia ikapukutika. “Rathest” ilitoweka, “rathe” ikabaki kwa washairi na kwa wakulima wa baadhi ya vijiji, na “rather” peke yake ndiyo iliyoendelea kuishi mjini, ikiwa yatima ambaye watu wanamtumia kila siku bila kuuliza wazazi wake walikuwa nani. Ndiyo maana darasa lenu lilipotafuta neno la msingi halikulipata: lipo, ila limezikwa.

Mshairi John Milton bado alilitumia hilo la msingi mwaka 1637, alipoomboleza kifo cha rafiki yake aliyezama baharini na kuomba maua yaletwe juu ya jeneza, likiwamo ua dogo la primrose, ambalo aliliita “rathe” kwa sababu huchanua mapema, kabla baridi haijakwisha. Miaka karibu 60 kabla yake, Edmund Spenser, katika mashairi ya wachungaji aliyoyatoa mwaka 1579, alitaja “the rather lambs”, na msomaji wa leo hukwama hapo, kwa maana hakuna kinachopendelewa wala kinacholinganishwa kwa ubora. Ni wanakondoo waliozaliwa mapema kuliko wenzao, wakakutwa na baridi, wakaangamia. Hapo “rather” ni kivumishi kitupu cha wakati, na maana yake ya kwanza inaonekana bila kificho. Hata Marekani mabaki yake yapo: tunda linalowahi kuiva, hasa fyulisi, liliitwa “rareripe”, na hiyo “rare” ya mwanzo si ile ya uhaba bali ni “rathe” iliyobadilika mdomoni mwa watu.

Utaniuliza, neno la mapema limefikaje kwenye kupendelea? Njia si ndefu, na sisi wenyewe tunaipita. Mtu akisema “mimi namtanguliza mama yangu”, hatuulizi wametoka nyumbani saa ngapi. Kutanguliza ni kuweka kitu mbele kwa wakati, na papo hapo ni kukiweka mbele kwa thamani. Sisi wa huku Kivu, tunaosema “mbele ya kula” kwa maana ya “kabla ya kula”, tumezoea zaidi kuona neno moja likibeba utangulizi wa saa na utangulizi wa heshima. Mwingereza wa zamani aliyesema angefanya hili “rather” kuliko lile, alikuwa anasema kwamba angelifanya hili mapema zaidi, angeliwahi hili, mkono wake ungeenda hapa kwanza. Kidogo kidogo saa ikasahaulika na upendeleo ukabaki.

Wala si Waingereza peke yao. Tazama vizuri “plutôt” ya kamusi yako: ni “plus” na “tôt” vilivyogandishwa pamoja, yaani mapema zaidi. Zamani Wafaransa waliandika maneno hayo bila kutofautisha, na tofauti unayoijua leo, “plus tôt” kwa saa na “plutôt” kwa upendeleo, ni kazi ya waandishi wa baadaye walioamua kumpa kila mmoja nguo yake. Waitalia wana “piuttosto”, ambayo imejengwa kwa matofali yaleyale, na Wajerumani wana “eher”, ambayo mpaka sasa hubeba maana zote mbili, mapema zaidi na afadhali. Kiingereza chenyewe kilirudia safari hiyo mara ya pili kwa neno jingine: “I would sooner walk” ni “afadhali nitembee”, ingawa “sooner” kwa saa ni upesi zaidi. Kamusi yako, kwa hiyo, haikukosea. Ilikupa pacha wa kweli, ila haikukueleza kwamba pacha huyo naye alificha cheti chake cha kuzaliwa.

Kwa msomaji aliyelelewa kanisani, mfano mzuri umo katika Matendo ya Mitume 5:29. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema “We ought to obey God rather than men”, ya Kifaransa iliyotafsiriwa na Segond inasema “Il faut obéir à Dieu plutôt qu’aux hommes”, na ya Kiswahili inasema “Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu.” Hapo “rather than” ni “kuliko”, na tafsiri imekaa sawasawa. Lakini usiichukue “kuliko” kwa kila “rather than”. Ukisoma “they went by boat rather than by road”, maana yake ni kwamba watu wa Bukavu walikwenda Goma kwa boti, hawakupita barabara. Hapo Kiswahili kinataka “badala ya”, kwa maana hakuna anayepima boti na barabara, kinachoelezwa ni kwamba moja limefanyika na jingine halikufanyika.

Maana ya tatu ni ya kujisahihisha, nayo haina taabu. Mtu anasema “he is my uncle, or rather, my father’s cousin”, na “or rather” ni “au tuseme”, “au kwa usahihi zaidi”. Hata hapo unaweza kusikia mwangwi wa zamani: neno hili la pili ndilo lililostahili kutangulia.

Ninayotaka kukaa nayo kidogo ni “rather cold”, kwa kuwa ndiyo inayowapotosha hata wanaodhani wamefika. Kwa asili ni kusema kwamba ukilazimika kuchagua jina la hali hii, “baridi” lingewahi kuja mdomoni kabla ya “joto”. Kutoka hapo likawa neno la kupimia kiasi, kama Mfaransa anavyosema “il fait plutôt froid”. Kwa Kiswahili utasema “kuna baridi kiasi”, au utarudia neno lenyewe, jambo ambalo lugha yetu inalifanya kwa ufundi: mtu ambaye ni “rather ill” ni mgonjwamgonjwa, na kitambaa ambacho ni “rather red” ni chekunduchekundu.

Hata hivyo, kiasi hicho kina rangi ya moyo ndani yake. Waingereza wana neno jingine la kiasi, “fairly”, na mara nyingi huligawia mema, huku “rather” wakilipa yale yasiyopendeza. Maji ya kumwogesha mtoto yakiwa “fairly warm”, mama ameridhika. Soda ikiwa “rather warm”, mnunuzi analalamika, ingawa pengine kipimajoto kingeonyesha namba moja. Viatu vya mitumba vikiwa “rather small”, havitanunuliwa. Lakini “rather” likiwekwa mbele ya jema, hugeuka kuwa mshangao wa kupendeza: “your report is rather good” maana yake ni kwamba ripoti yako ni nzuri, tena nzuri kuliko msemaji alivyotazamia. Nimewahi kumwona mtu aliyeandikiwa hivyo akikunja uso, akidhani ameambiwa “si mbaya sana”, kumbe alikuwa amesifiwa na mtu asiyezoea kusifu. Na kinyume chake pia kipo. Mwingereza wa malezi ya zamani akisema hali ya mgonjwa ni “rather serious”, usimalize chai yako kwanza.

Kuna jambo moja zaidi la sarufi hapa ambalo hunichekesha. “Fairly” haiwezi kusimama mbele ya umbo la kulinganisha, wala mbele ya “too”, lakini “rather” inaweza: “rather better”, “rather more expensive”, “rather too late”. Ni umbo la kulinganisha linalolibeba umbo jingine la kulinganisha mgongoni, na wasemaji hawaoni ajabu yoyote, kwa sababu wamekwisha kusahau kwamba la kwanza nalo lilikuwa na “zaidi” ndani yake.

Zimebaki mbili za kupita haraka. “Rather” ikianza sentensi na kufuatwa na mkato, baada ya sentensi ya kukanusha, tafsiri yake ni “bali”, na sijui neno la Kiswahili linalolingana nayo vizuri zaidi: hakuuza shamba, bali alilikodisha. Na ukisikia katika filamu ya zamani Mwingereza anaulizwa kama angependa chai, akajibu “Rather!” kwa kukaza silabi ya mwisho, amesema “Naam, tena sana!” Wewe usiitumie, itakuwa kama kwenda soko la Nyawera umevaa kofia ya gavana wa kikoloni.

Ni neno moja, basi, dada. Kwenye barua kama ile uliyoletewa, tazama kwanza kama mbele ya “rather” pana “would” au kifupi chake, ile “’d” inayoning’inia kwenye kiwakilishi. Ikiwapo, soma upendeleo, na usitafute wakati uliopita.

SWALI

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari huko Bagira. Kiingereza kina “-er”, Kifaransa kina “plus”. Kwa nini Kiswahili hakina chochote cha namna hiyo? Tena nyumbani tunasema “mkubwa kupita”, lakini nikiandika hivyo mwalimu anakata kwa wino mwekundu na kuandika “kuliko”. Je, ni kosa?

JIBU

Mwanangu, Kiswahili kinalinganisha tangu kilipozaliwa, ila hakikati nguo ya kivumishi ili kukiongezea mkia. Hutumia sentensi yenyewe. Ichukue “kuliko” uifungue: “ku-” ni ya mahali, “-li-” ni kitenzi cha kuwa, na “-ko” ni ya mahali tena. “Kuliko” maana yake, kabla ya kuwa chombo cha kulinganisha, ni “kule ambako yuko”. Ukisema “Bahati ni mrefu kuliko Furaha”, umesema kwamba Bahati ni mrefu pale alipo Furaha. Wasimamishe pamoja, utaona. Kwa “rather” na “plutôt”, kama nilivyomweleza dada wa Kadutu, Mwingereza na Mfaransa walitumia saa. Sisi tumetumia mahali.

“Kupita” ya nyumbani kwenu imetumia njia: mmoja amempita mwenzake barabarani. “Kushinda” imetumia mapambano. Zote mbili ni Kiswahili cha kweli, zimo vinywani mwa watu kutoka Uvira hadi Lubumbashi, na pwani pia husema “anampita kwa urefu”. Mwalimu wako ana haki ya kudai “kuliko” katika insha, kwa sababu ndiyo sanifu na ndiyo itakayotazamwa katika mtihani, lakini kalamu nyekundu isikudanganye kwamba bibi yako hajui kusema.

Sasa nikupe la kuwashangaza wenzako. Kiswahili hakina mkia wa kulinganisha, lakini kimehifadhi maumbo ya kulinganisha ya Waarabu kama yalivyo, na “afadhali” ndilo mashuhuri kuliko yote. Katika Kiarabu, mzizi wenye sauti za f, dh na l, uleule uliotupa fadhila, fadhili na tafadhali, hufanywa “afdhal” ukitaka kusema “bora zaidi”. Kwa hiyo “afadhali”, au “afazali” kama tunavyoitamka hapa Bukavu, tayari ina “zaidi” tumboni, na asemaye “afadhali zaidi” amelinganisha mara mbili. Ndugu zake ni “aghalabu”, ambayo asili yake ni kinachozidi kwa nguvu au wingi, na “akali”, ambayo ni kichache zaidi.

Kifaransa chenu nacho kina mabaki yake, kutoka Kilatini. “Meilleur”, “pire” na “moindre” unazijua, maana hazikubali “plus”. Lakini je, umefikiria “supérieur” iliyo kwenye jina la Institut Supérieur Pédagogique ya hapa kwetu? Kwa Kilatini hiyo ni “iliyo juu zaidi”. “Monsieur” unayomwita mwalimu wako imetoka kwa “senior”, yaani “mzee zaidi”, na ndiyo maana si kitu cha ajabu kwamba sisi tunamwita kila mtu wa heshima “mzee”. Na meya wa mji wetu, ambaye kwa Kifaransa ni “maire”, jina la cheo chake linatoka kwa “maior”, mkubwa zaidi. Mkubwa zaidi kuliko nani, Kilatini hakikusema, na kila meya amejijibia mwenyewe.

SWALI

Katika Ibanda tuna kikundi cha kusoma Biblia kwa lugha tatu. Mmoja wetu ana nakala ya Kiingereza cha zamani sana isemayo “utter darkness”, mwingine ana “outer darkness”, na wanabishana ni ipi iliyochapwa vibaya.

JIBU

Hakuna iliyochapwa vibaya. “Utter” na “outer” ni watoto wa “out”, nje, na zote mbili kwa asili ni umbo la kulinganisha: iliyo nje zaidi. Tafsiri za Kiingereza za karne ya 16 ziliandika “utter” katika Mathayo 8:12, na ile ya mwaka 1611 ikaandika “outer”, lakini maana ilikuwa moja, giza lililo nje ya nyumba yenye karamu, mbali na taa. Baadaye “utter” ikaacha habari za nje na kuhamia kwenye ukamilifu, kwa kuwa kitu kilichofikishwa ukingoni kabisa hakina pengine pa kwenda. Leo “utter darkness” ni giza totoro, na “utter nonsense” ni upuuzi mtupu. “Outer” ilibaki mlangoni.

Msomaji wa leo akikutana na ile nakala ya zamani atasoma giza totoro, mahali ambapo mfasiri aliandika giza la nje. Nakala yenu ya Kiswahili inasema “giza la nje”. Ifuateni hiyo.